Kabla ya Kumwita Mwandishi wa Habari

Safu yetu ya maswali na majibu mwezi huu inajibu barua tano zinazohusu jambo moja: namna kikundi, kampuni au taasisi inavyoweza kuandikwa na kutangazwa na vyombo vya habari bila kununua nafasi ya tangazo, na namna ya kujenga uhusiano mwema na umma unaodumu baada ya habari hiyo kupita. Anayejibu alikaa kwenye dawati la habari la gazeti la kila siku kwa miaka mingi kabla ya kuwa afisa uhusiano. Majina ya walioandika na ya taasisi zao tumeyahifadhi.

Sisi ni kikundi cha akina mama 22 wa Kusini Unguja. Tunalima mwani, na tangu mwaka jana tunatengeneza sabuni ya mwani. Tulifanya uzinduzi, tukakodi mahema na viti, tukamwalika kiongozi awe mgeni rasmi na tukapeleka barua kwa vyombo vya habari saba. Walikuja watatu. Habari iliyotoka jioni ilikuwa ya mgeni rasmi akizungumzia barabara, na sabuni yetu haikutajwa hata mara moja. Wazee wanasema chema chajiuza, lakini chetu hakijauzika. Tulikosea wapi? Nimeambatanisha nakala ya barua tuliyopeleka.
*Katibu wa kikundi, Kusini Unguja*

Bi Katibu, pokea pole kwa gharama mliyoingia. Naomba nianze kwa kuwatetea wale waandishi watatu, kwa sababu hawakuwadhulumu. Waliporudi ofisini, mhariri aliwauliza swali analowauliza kila jioni, nalo ni kumetokea nini leo ambacho mtu wa Mkoani au wa Bububu angependa kukijua. Waandishi walikuwa na kiongozi aliyesema jambo kuhusu barabara inayopitwa na maelfu ya watu, na walikuwa na kikundi kilichokata utepe. Kipaza sauti mlikikabidhi ninyi wenyewe kwa mtu ambaye lolote atakalolisema ni habari. Mgeni rasmi ana nafasi yake: anawafungulia milango ya ofisi, anawapa wanachama moyo, na kumheshimu ni sehemu ya adabu yetu ambayo sitaki kuibeza. Lakini siku ya mgeni rasmi na siku ya waandishi ni siku mbili tofauti, na ningewashauri mzitenganishe hata kama ni kwa wiki moja tu.

Sasa tuiangalie barua yenyewe. Inaanza hivi: "Kikundi chetu kinayo heshima kubwa kukualika katika hafla ya uzinduzi rasmi wa bidhaa yake mpya, itakayohudhuriwa na viongozi mbalimbali wa chama na serikali, wageni waalikwa pamoja na wananchi." Aya hiyo ingeweza kuandikwa na kiwanda cha rangi au na duka la simu bila kubadilishwa neno. Ndani yake hamna bahari, hamna mwani wala mwanamke. Neno "sabuni" linaonekana kwa mara ya kwanza katika aya ya nne, baada ya ratiba ya chakula. Mhariri wa habari hupokea barua za namna hii nyingi kila asubuhi na huamua juu ya kila moja kabla hajafika aya ya pili, kwa hiyo sabuni yenu haikupata nafasi ya kukataliwa, haikufikiwa kabisa.

Hata hivyo, kwenye ukurasa wa pili, chini ya kichwa "Historia ya Kikundi", mmeandika kwamba wanachama waliacha kulima kotonii baada ya mwani huo kuwafia mara kwa mara kwa sababu ya joto la maji, na kwamba sasa mnasaga spinosamu, aina nyingine ya mwani, na kuitengenezea sabuni badala ya kuiuza ikiwa kavu. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu hiyo ndiyo habari. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu wakati huo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haivumilii maji ya kina kifupi yanayopata joto kali. Spinosamu inavumilia, ila bei yake ni ndogo. Kila mhariri wa Zanzibar anajua kwamba bahari imebadilika. Anachokosa ni watu 22 wanaoweza kumweleza wamefanya nini baada ya bahari kubadilika.

Ningeiandika upya aya ya kwanza hivi: "Wanawake 22 wa Kusini Unguja waliolazimika kuacha kilimo cha kotonii kwa sababu ya joto la bahari sasa wanasaga mwani wa bei ndogo na kuutengenezea sabuni. Kilo moja ya mwani mkavu ambayo mnunuzi huilipia shilingi kadhaa inatoa vipande kadhaa vya sabuni, na kila kipande kinauzwa kwa shilingi kadhaa." Mahali nilipoandika "kadhaa" mjaze takwimu kutoka kwenye daftari lenu la mauzo, na mzijaze zilivyo, mkitoa gharama ya mafuta, magadi na karatasi za kufungia. Mwandishi makini ataomba kuliona daftari hilo, naye akikuta hesabu imetiwa chumvi hatarudi tena, na atawasimulia wenzake.

Chini ya aya hiyo yatatosha mambo machache. Wekeni jina la mwanachama aliyepoteza kotonii yake na yuko tayari kusimulia, na jina la anayesimamia utengenezaji wa sabuni, pamoja na namba ya simu ambayo itapokelewa. Nasisitiza hili la simu kwa uchungu, kwa kuwa nimeona habari nzuri zikitupwa saa kumi na moja jioni kwa sababu namba iliyoandikwa ilikuwa ya mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa kikaoni na simu imezimwa.

Kisha angalieni kalenda ya maji kabla ya kupanga tarehe. Waalikeni waandishi wakati wa bamvu, maji yanapokupwa asubuhi na wanawake wako shambani, kamba na vigingi vinaonekana, na mikono inafunga mbegu. Mpiga picha aliyeitwa wakati wa maji mafu, yasiyokupwa sana, ataondoka na picha ya bahari tupu na ya bango lenu, na picha ya bango haichapishwi ukurasa wa mbele. Mtu wa redio naye anahitaji sauti: kinu kinachosaga, maji yanayomwagwa, wanawake wanaozungumza huku wanafanya kazi. Mkimkalisha chini ya hema asikilize risala, mmemnyima chombo chake cha kazi.

Mwisho, msipeleke barua moja ile ile kwa vyombo saba. Someni Zanzibar Leo kwa wiki mbili, sikilizeni ZBC na redio mbili ambazo wateja wenu wanazisikiliza, mjue ni nani anayeandika habari za uchumi wa buluu, nani anafuatilia mazingira na nani ana kipindi cha wanawake. Mwandikieni huyo kwa jina lake, mkitaja habari yake mliyoisoma na mlichojifunza kwayo. Mpigieni simu mara moja siku inayofuata, asubuhi kabla wahariri hawajaingia kikaoni, na akisema hapana mshukuruni na muulize ni kitu gani angekihitaji ili aseme ndiyo. Kuhusu wazee, walisema kweli: chema chajiuza, ila kwa aliyekiona. Kazi yenu iliyobaki ni kumfikisha mtu mahali pa kukiona.

Naratibu shirika dogo la vijana mkoani Dodoma. Kila tunapoitisha mkutano na waandishi wa habari, mwishoni wanabaki wamekaa wakisubiri "nauli". Tusipotoa bahasha, habari haitoki. Tukitoa, mkaguzi wa hesabu anatuuliza risiti. Mwaka huu fungu hilo limeondolewa kabisa. Tufanyeje?
*Mratibu, Dodoma*

Ndugu Mratibu, nitakujibu kama mtu aliyewahi kuipokea bahasha hiyo. Nilikuwa mwandishi mchanga, na mkutano ulikuwa katika ukumbi wa hoteli jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nimeandika swali moja kwenye daftari langu, kuhusu fedha ambazo taarifa ya taasisi hiyo ilizitaja kwenye ukurasa mmoja na kuziacha kwenye ukurasa mwingine. Kwenye meza ya kujiandikisha nilipewa jalada, na ndani ya jalada mlikuwa na bahasha ya kaki. Sikuiomba, na hakuna aliyenitaka niandike hili au lile. Lakini muda wa maswali ulipofika niliutazama mkono wangu na haukunyanyuka. Habari niliyoiandika ilichapishwa, ilikuwa safi, na haikuwa na maana yoyote. Mhariri wangu aliisoma akaniuliza kwa upole kwa nini sikuuliza kuhusu zile fedha, nami sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulitamka.

Nakueleza haya ili ujue unachokinunua. Bahasha hukuletea mtu asiyeuliza, na habari iliyoandikwa na mtu asiyeuliza haimshawishi msomaji, kwa sababu msomaji ana maswali yale yale na hakuyakuta yamejibiwa. Kanuni za maadili zinazosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, zinamkataza mwandishi kupokea chochote kwa ajili ya habari, na wewe unayetoa huwezi kujiona uko nje ya kosa hilo.

Wakati huo huo tusiwahukumu watu bila kujua maisha yao. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea. Hulipwa kwa habari iliyotumika, na gharama ya bodaboda na vifurushi vya simu hutoka mfukoni mwao. Ukimwita mtu huyo aje asikilize hotuba ya dakika arobaini ambayo ungeweza kuituma kwa ukurasa mmoja, umemwingiza hasara, na anapokusubiri mlangoni anakudai hasara hiyo. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokushauri ni kuacha kuitisha mikutano isiyo ya lazima. Mkutano na waandishi unahalalika pale kunapokuwa na jambo la dharura ambalo kila mmoja anataka kuliuliza kwa wakati mmoja, au kitu cha kuonekana kwa macho. Mengine yote yanatosha kwa taarifa fupi iliyoandikwa vizuri na mahojiano ya simu.

Pale ambapo safari ni ndefu kweli, tuseme mnataka waandishi wafike Kondoa au Mpwapwa, toeni usafiri, na utoeni mchana kweupe: mwandikieni mhariri kabla ya siku ya safari, semeni gari litatoka saa ngapi na chakula kitagharimiwa na nani, wote wahudumiwe sawa, na risiti zibaki kwenu. Hapo hata mkaguzi wenu hatakuwa na la kuuliza. Jambo hili lina historia ndefu. Mwezi Oktoba 1906, treni ya kampuni iliyokuwa chini ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuficha ajali. Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa mshauri wa kampuni hiyo, aliishawishi itoe taarifa ya maandishi juu ya kilichotokea na iwapeleke waandishi eneo la ajali kwa gharama yake. Gazeti la New York Times liliichapisha taarifa ile kama ilivyoandikwa, na wengi wanaihesabu kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari ya namna tunayoijua leo. Kampuni ililipia safari. Haikulipia macho ya waliosafiri, na waliyoyaona waliyaandika.

Katika mwaliko wenu ujao andikeni waziwazi kwamba hakutakuwa na posho. Watakuja wachache, pengine mmoja, na huyo mmoja mthaminini kwa kumpa muda, nyaraka na majibu kamili. Na kama kuna ujumbe ambao lazima utoke kwa maneno yenu wenyewe na kwa tarehe yenu wenyewe, nendeni ofisi ya matangazo, mlipie, mpewe risiti, na chapisho liandikwe juu yake kwamba ni tangazo.

Tunasindika siagi ya karanga. Juzi mtu alisambaza video kwenye makundi ya WhatsApp akidai kuwa siagi yetu ina sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, na kwamba mtoto wake amelazwa. Maduka mawili yameturudishia mzigo na mwandishi wa redio amepiga simu mara tatu. Mwanasheria wetu anashauri tukae kimya hadi uchunguzi umalizike. Tumfuate?
*Mkurugenzi wa kiwanda kidogo, Kanda ya Kati*

Ndugu Mkurugenzi, mwanasheria wako ana haki ya kukulinda mahakamani, lakini wateja wako hawako mahakamani. Wako jikoni, wameshika kopo lenu na wanajiuliza wampe mtoto au wasimpe. Wanastahili jibu leo. Na kwa Kanda ya Kati hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka. Usilichukulie kama uzushi wa mitandaoni hata kama unaamini ni uzushi.

Kabla hujaandika neno, fanya vitendo vitatu, kwa kuwa taarifa isiyo na kitendo ndani yake ni maneno matupu. Tafuta namba ya toleo la siagi inayoonekana kwenye video na usimamishe mauzo ya toleo hilo lote. Wajulishe Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, na wakabidhi sampuli zipimwe na wao, mbali na vipimo vyenu vya ndani. Kisha mtafute mzazi huyo kwa simu au kwa miguu, umpe pole na umuulize hali ya mtoto kabla ya kumuuliza kitu kingine chochote. Usimtishe kwa kesi. Akiwa amekosea utapata muda wa kuthibitisha. Akiwa amesema kweli, tisho lako ndilo litakalokumbukwa.

Baada ya hapo mpigie yule mwandishi wa redio, usisubiri apige mara ya nne, na umsomee maneno kama haya: "Tumeiona video inayomhusu mtoto aliyelazwa, na tumezungumza na mzazi wake. Hatujui bado kilichomsababishia kuugua. Leo saa nne asubuhi tumesimamisha mauzo ya siagi yenye namba ya toleo iliyoonekana kwenye video, na sampuli zake ziko kwa Shirika la Viwango Tanzania. Mwenye kopo lenye namba hiyo asilitumie; alirudishe dukani na atarudishiwa fedha zake. Tutazungumza tena kesho saa nne asubuhi, hata kama majibu hayajatoka." Angalia kwamba maneno hayo hayakani wala hayakiri jambo ambalo hamlijui, na mwanasheria wako anaweza kuyapitia kwa nusu saa. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote: ukiahidi saa nne, uwepo saa nne. Taarifa hiyo isomeni pia kwa sauti na kuituma kwenye makundi yale yale ya WhatsApp, kwa kuwa aliyesikia shutuma kwa sauti hatafungua barua yenye nembo. Na wafanyakazi wenu waisikie kwenu kabla ya kuisikia redioni, maana jirani atamuuliza mpakiaji wenu kabla hajamuuliza msemaji.

Mwaka 1982, watu saba wa eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol ambavyo mtu asiyejulikana alivitia sianidi vikiwa vimeshafika madukani. Watengenezaji, Johnson & Johnson, hawakuwa wameitia sumu hiyo, na wangeweza kusimama nyuma ya ukweli huo. Badala yake waliwaambia watu waache kuitumia dawa, wakaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 kwa gharama iliyozidi dola milioni 100, na mkuu wao, James Burke, akajitokeza mwenyewe kujibu maswali. Dawa hiyo ilirudi madukani ndani ya wiki chache ikiwa na kifungashio kinachoonyesha kama kimefunguliwa, na wanunuzi wakarudi. Kiwanda chako hakina dola milioni 100, lakini toleo moja la siagi unaweza kulisimamisha, na mlango wako unaweza kuufungua mwandishi akaona karanga zinavyochambuliwa. Iwapo vipimo vitaonyesha kwamba mtoto aliumizwa na siagi yenu, lisemeni hilo ninyi kwanza, kwa maneno hayo hayo, kabla mtu mwingine hajalisema.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule moja Kaunti ya Kilifi. Gazeti limeandika kwamba tuliwarudisha nyumbani wanafunzi 40 kwa ajili ya karo, ilhali walikuwa 4 na walirudi darasani siku ya pili. Nimeshauriwa nilishtaki gazeti hilo. Nifanye hivyo?
*Mwalimu Mkuu, Kilifi*

Mwalimu, usianzie huko. Anza na aliyeandika: mpigie simu kwa utulivu, mweleze kosa moja tu, lile la idadi, na umtumie ukurasa wa daftari la mahudhurio huku majina ya watoto yamefunikwa, kwa kuwa sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inazilinda taarifa zao. Usimlalamikie kuhusu kichwa cha habari au mtindo wa uandishi. Ukichanganya kosa la kweli na manung'uniko, kosa la kweli litapotea humo. Na usikatae kwamba wale wanne walirudishwa, kwa sababu ni kweli. Asiposahihisha, mwandikie mhariri barua fupi ukiomba masahihisho na ukimwandalia sentensi anayoweza kuichapisha. Asipojibu, ipo Kamisheni ya Malalamiko iliyowekwa na sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, na wasomaji wetu wa Tanzania wanaweza kulifikia Baraza la Habari, ambalo husuluhisha migogoro ya namna hii. Mwandishi akisahihisha, mshukuru kwa maandishi na umwalike shuleni siku ya maonyesho ya sayansi. Wengi wa waandishi ninaowaamini leo nilifahamiana nao kupitia kosa moja lililosahihishwa vizuri.

Bodi yetu inataka kila robo mwaka nionyeshe thamani, kwa shilingi, ya habari zilizoandikwa juu yetu. Napima nafasi iliyochukuliwa gazetini na dakika za redioni, kisha nazidisha kwa bei ya tangazo. Mjumbe mmoja amesema hesabu hiyo haina maana. Ni kweli?
*Afisa uhusiano wa taasisi ya fedha, Dar es Salaam*

Ni kweli, dada yangu, na nakuonea huruma kwa sababu nami niliiandaa hesabu hiyo kwa miaka kadhaa. Wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walipokutana Barcelona mwaka 2010 walikubaliana kuwa bei ya tangazo haipimi thamani ya uhusiano na umma, na sababu yake unaweza kuiona kwa mfano mmoja. Gazeti likiandika ukurasa mzima kuhusu wateja wenu waliokatwa fedha kimakosa, hesabu yako itasema mmepata mamilioni. Tangazo ni maneno yenu mliyoyalipia. Habari ni maneno ya mtu mwingine anayeaminiwa kwa sababu hamkumlipa. Vitu hivyo haviuzwi kwenye mizani moja.

Bodi inachotaka kujua, hata kama inakitaja kwa shilingi, ni kama kuna kitu kimebadilika. Chagua jambo moja kwa kila robo. Tuseme mlikwenda kwenye redio za jamii, mfano Pangani FM au Sengerema FM, kueleza masharti ya mkopo wa wavuvi. Kabla ya kipindi, waombe wahudumu wa matawi ya karibu wahesabu kwa wiki mbili ni wateja wangapi waliouliza kuhusu mkopo huo na wangapi waliokuwa na uelewa potofu juu ya riba. Baada ya kipindi, wahesabu tena kwa wiki mbili. Muulize kila mteja mpya alisikia wapi, na jibu liandikwe kwenye daftari la kawaida la kaunta. Ongeza hapo orodha ya maswali ambayo waandishi wamewauliza katika robo hiyo, muda mliochukua kuyajibu, na makosa yaliyojirudia kwenye habari zenu. Kama magazeti matatu yamekosea kitu kile kile, aliyekieleza vibaya ni wewe.

Yote hayo yanaingia kwenye ukurasa mmoja. Katika kikao kijacho upeleke ukurasa huo pamoja na ile hesabu yako ya zamani, umwombe yule mjumbe aliyeuliza asome yote mawili kwa sauti, kisha bodi iamue ni upi inataka uuendeleze mwaka ujao.